Kabla ya Kumpeleka Mtoto Kupangiwa Meno

Ndugu msomaji, pengine nyumbani kwako yumo mtoto anayeziba mdomo kwa mkono kila anapocheka. Kwangu yumo. Ni binti wa marehemu kaka yangu, ana miaka 11, naye huniita baba mdogo. Chonge lake moja la juu halikuota, na meno ya jirani yamepinda kuelekea pengo lile. Chuo cha ualimu kilinifundisha kumtazama mtoto mzima, siyo daftari lake tu. Nikaona kwamba amekwisha acha kunyosha mkono darasani, ingawa majibu anayo.

Daktari wa meno wa hapa Tabora alitwambia anahitaji bingwa wa kupanga meno. Mabingwa hao ni wachache nchini, akatupa barua ya kwenda Dar es Salaam. Safari bado hatujaifanya, tunajitayarisha. Haya ndiyo tunayotayarisha, huenda yakakufaa nawe.

Kwanza, patana na wazee. Bibi yake alisema, “Meno ni ya Mungu, yaacheni.” Nikamjibu kwa adabu kwamba hata mababu hawakuyaacha. Mzungu Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, Novemba 1857 kwa njia ya misafara, aliandika kwamba Wanyamwezi wa siku zile walichonga kingo za ndani za meno mawili ya mbele ya juu. Wao walitafuta pambo. Sisi twataka mtoto atafune vema na acheke bila haya.

Pili, semeni kweli. Daktari aliuliza kama mtoto alipokuwa mchanga aling'olewa “meno ya plastiki.” Bibi alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Ndiyo. Alikuwa na homa na kuhara, nikaogopa atakufa.” Hakuna aliyemlaumu, maana alifanya kwa mapenzi. Lakini sikiliza, msomaji. Imani hiyo ilienea nchini mwetu tangu miaka ya 1980, na wengine huyaita meno ya nailoni. Kile cheupe na laini kinachoonekana katika ufizi si ugonjwa. Ni chonge la utoto ambalo bado halijakomaa. Anayelichimbua humletea mtoto jeraha, damu nyingi, hata pepopunda na kifo, na mara nyingi huharibu chipukizi la jino la ukubwani lililo chini yake. Homa yenyewe hubaki, maana ilitokana na malaria au maradhi mengine. Kama bibi angeficha habari hii, daktari angekosa jambo kubwa la kumwongoza. Sasa picha ya eksirei itaonyesha kama chonge limo mfupani au halimo.

Tatu, angalia umri. Meno ya utoto ni 20, na ya ukubwani huanza kuota mtoto akiwa na miaka kama 6. Mabingwa wengi hushauri mtoto atazamwe mara ya kwanza apatapo miaka 7. Usiyang'oe meno ya utoto kabla ya wakati wake, kwani ndiyo yanayowashikia wenzao nafasi. Tena mtoto mkubwa anayenyonya kidole huyasukuma meno yake mbele.

Nne, mtayarishe mtoto mwenyewe. Meno yaliyotoboka yatibiwe kwanza, naye azoee kupiga mswaki mara mbili kwa siku. Chukua barua, kadi ya kliniki na majina ya dawa anazotumia. Mweleze kwamba siku ya kwanza atatazamwa, atapigwa picha, na huenda akaumishwa kitu laini ili kupata umbo la meno yake. Kwa kawaida nyaya hazifungwi siku hiyo. Yetu tumeandika maswali katika karatasi, na binti akaongeza lake kwa mkono wake: “Nikivaa nyaya nitaweza kusema sawasawa?” Jibu lake ni kwamba ulimi husumbuka siku chache, kisha huzoea.

Tano, uliza gharama yote, siyo ya siku moja. Nyaya hukaa kama mwaka mmoja na nusu, miwili au zaidi, na hukazwa kila baada ya majuma kadha. Zikitolewa, mtoto huvaa kifaa cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini mpaka Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 840. Kwenda mara moja twaweza. Kwenda mara ishirini ni jambo jingine kwa nyumba inayoishi kwa karanga na mshahara wa karani wa parokia. Kwa hiyo swali letu la kwanza ni kama daktari wa karibu aweza kusaidia katikati. Tumeuza ng'ombe mmoja kwa safari hii tu, na binti tumemwambia wazi kwamba twaenda kuuliza, hatujamwahidi nyaya. Ahadi isiyotimizwa ingemwumiza kuliko lile pengo.

Na wewe mwenye mtoto mchanga, akishikwa na homa mpeleke zahanati upesi. Usikubali ufizi wake uguswe kwa kisu. Kumkinga leo ni rahisi kuliko safari hii yetu.