Siku mbili za kushona tu

Huku Marekani kuna wanawake wanaolipa pesa zao waende shamba wakashone. Kushona wanajua tayari, tena vizuri. Wanapakia cherehani kwenye magari, wanaaga nyumbani Ijumaa jioni, na mpaka Jumapili mchana kazi yao ni moja: kuunga vipande vya vitambaa mpaka viwe mfarishi. Nimekwenda na shoga zangu wa hapa Pennsylvania kwenye nyumba ya wageni katikati ya mashamba ya Lancaster County, na tangu nirudi mawazo yangu yako kwa wanawake wa Tanga.

Lancaster ni kwa Waamishi, wale Wakristo wanaosafiri kwa vigari vya farasi na ambao wanawake wao wanasifika kwa mifarishi ya mkono. Ukipita barabara za huko unaiona imeanikwa vibarazani inauzwa. Sisi hatukwenda kununua. Mwenye nyumba alikuwa ametupangia ukumbi mmoja mkubwa, kila mtu na meza yake, taa yake na soketi yake. Meza ya pasi ilikuwa moja kwa wote, na pale ndipo maongezi yaliponoga, maana kila ukishaunga vipande viwili unakwenda kupiga pasi na lazima umkute mwenzio.

Mfarishi una tabaka tatu: kitambaa cha juu kilichoungwa vipande vipande, pamba katikati, na kitambaa kizima cha chini, zote zikapigwa mishono ya kuzishikanisha. Mshono wa kuunga vipande hukaa robo inchi kutoka ukingoni. Ukiongeza upana wa nyuzi mbili tatu kila kipande, mwisho wa safu pembe hazikutani na inabidi ufumue. Ni kazi inayotaka utulivu wa akili, na utulivu ndio waliokuwa wameulipia. Chakula kilipikwa na wenyeji, vyombo wakaosha wao. Saa sita za usiku bado cherehani mbili tatu zinaunguruma, watu wamevaa nguo za kulalia, hakuna aliyemwambia mwenzake akalale.

Kwetu Tanga shangazi yangu alishona kofia za mkono maisha yake yote. Wanaoijua kazi hiyo wanajua: vitobo vidogo vidogo kwa mamia, kila kimoja kinazungushiwa uzi, miezi inapita kabla kofia haijakaa kichwani. Jirani zake walisuka ukili. Jioni wote walikuwa barazani, na sisi watoto tukijua kutunga uzi kwenye sindano kabla ya kujua kusoma, kwa sababu tulikaa pale pale. Hilo Lancaster sikulikuta. Wengi wa wenzangu walikuwa na wajukuu, na walisema kwa huzuni kwamba binti zao hawajui hata kurudishia kifungo. Mkusanyiko wetu sisi hauna malipo wala miadi, na mtoto anarithi ufundi bila kupelekwa darasani. Ni utajiri, na nasema hivyo kwa moyo wote.

Lakini sikumbuki hata jioni moja ambayo shangazi alishona kofia kwa raha yake. Kofia ilikuwa ada ya shule, au ya mume, au ya mwana anayeoa. Sindano ikiwa mkononi alikuwa bado yuko zamu: chai imechemka, mtoto analia, mgeni anabisha hodi, Maghribi imeingia na taa haijawashwa. Alinyanyuka mara ngapi, Mungu anajua. Mikono haikupumzika, na kwa kuwa alikuwa ameketi, kila mtu alidhani anapumzika.

Najua atakayesema kwamba mifarishi ni mambo ya matajiri. Basi tutazame mifarishi ya Wamarekani weusi wa Gee's Bend, Alabama. Ni kijiji kilichozungukwa na kona ya mto, cha watu ambao wazee wao walikuwa watumwa wa shamba la pamba pale pale. Wanawake wake waliunga suruali za kazi zilizochakaa na vitambaa vya magodoro ili watoto wasiteswe na baridi. Mwaka 1962, watu weusi wa huko walipokuwa wakidai haki ya kujiandikisha kupiga kura, kivuko chao kikasimamishwa. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo wakaanzisha ushirika wa kushona, Freedom Quilting Bee, wapate kipato chao wenyewe. Mifarishi ya Gee's Bend ikaja kutundikwa kwenye jumba la makumbusho la Whitney mjini New York mwaka 2002, na mwaka 2006 ikachapwa kwenye stempu za posta. Huko mambo ya viraka yalianzia kwenye shida, na raha ilikuja baadaye. Hata ng'ambo ya pili ya bahari yetu, katika jimbo la Karnataka, India, wanawake wa Kisidi, ambao asili yao ni Afrika, huunga nguo kuukuu kuwa mifarishi, wakianzia ukingoni kuelekea katikati. Hakuna sababu ya kuuona ufundi huu kuwa wa wengine.

Kule Lancaster kuna mama mmoja kwenye meza ya jirani yangu alikuwa anakata mashati ya marehemu mume wake. Kola aliziweka kando, mifuko ya kifuani akaiacha ilivyo, akaishona pamoja na vipande vyake. Alikuwa anatengeneza mifarishi ya watoto wao, kila mtoto wake. Mwanzo moyo wangu ulikataa. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa: arobaini ikipita, huyu anachukua kanzu, yule shati, nyingine zinatolewa sadaka, na utu wa marehemu unaendelea kutembea mtaani juu ya mabega ya watu. Nimewahi kukutana sokoni na koti la babu yangu, limevaliwa na mtu aliyelihitaji, nikafurahi. Kukata shati zima lenye uwezo wa kumsitiri mtu kuliniwia vigumu. Nikamsaidia kupiga pasi vile vipande, na kadiri alivyonieleza kila shati lilivaliwa wapi, nikaelewa kwamba alihitaji siku mbili hizi na watu hawa ili aweze kuanza kukata. Nyumbani kwake peke yake mkasi ulikuwa haushikiki. Bado naona kugawa ni bora zaidi, na bado nafurahi kwamba hakuwa peke yake.

Mimi nilibeba kanga za mama zilizochakaa. Kanga yetu haina ustaafu: inaanza kuvaliwa harusini, inakuwa ya kushindia, inakuwa mbeleko, inakuwa nepi, inaishia dekio. Hizi nilizidaka kabla ya hatua ya mwisho. Mji niliukata miraba, pindo nikaliacha refu lizunguke mfarishi wote kama lilivyoizunguka kanga, na jina nikaliweka zima katikati. Wenzangu waliuliza jina linasema nini, na maongezi hayo yalitupeleka hadi kifungua kinywa cha Jumapili.

Nimewaandikia shoga zangu wa Tanga kuwapa pendekezo. Pwani kwa joto lile nani atajifunika mfarishi, lakini Lushoto ipo, Juni na Julai kule juu baridi ni ya kweli, na ukipanda Irente unapata jibini na jemu za hapo hapo shambani. Twende wanawake wanane tisa, na cherehani, na kazi ya mkono ya kila mtu: mwenye kofia na kofia, mwenye ukili na ukili. Tuchukue pia mabinti zetu wawili watatu, hapo tutawapita Wamarekani.

Majibu yamekuja kwa haraka. Mmoja ameuliza vitauzwa wapi tukimaliza. Nimemjibu kwamba safari hii hatuuzi, na amekaa kimya kidogo kabla ya kuandika kwamba hajawahi kujishonea kitu. Mwingine ameuliza nani atabaki na watoto. Atabaki yule yule anayebaki nao tukienda harusini Korogwe siku tatu, au msibani wiki nzima. Kulala nje ya nyumba tunaruhusiwa sana, mradi tunakwenda kuwahudumia wengine. Pesa nayo si ngeni kwetu, upatu tunacheza kila mwezi, umetununulia vyombo, sare na mabati. Zamu moja ya upatu ikilipia vyumba na mpishi, hakuna nyumba itakayoanguka.

Mpaka sasa watano wamekubali, kwa ajili ya Juni shule zikiwa zimefungwa. Walio tayari waniandikie, na wenye kanga kuukuu wasizifanye madekio kwanza.