Siku Tuliyotembea Bila Mzigo



Akina mama wa nyanda za juu tunajua sana kutembea. Tunakwenda shambani na jembe begani, tunarudi na kuni kichwani na mtoto mgongoni. Lakini jiulize, mpendwa: mara ya mwisho ulitembea lini ukiwa huna kitu kichwani, mgongoni wala mkononi? Tulipoulizana swali hilo katika kikundi chetu cha akina mama, hakuna aliyejibu upesi. Mwisho mmoja akasema, "Siku ya harusi yangu." Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Swali lenyewe lilianzia kwenye kupima presha. Sisi tulio wauguzi tulileta kipimo kanisani Jumapili moja, tukapima akina mama baada ya ibada. Waliozidi 140 kwa 90 walikuwa wengi kuliko tulivyotazamia. Tukawaeleza kwamba Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwamba kutembea kwa mwendo wa haraka kidogo kunatosha. Mama mmoja akatujibu, "Mbona mimi natembea kila siku na presha haishuki?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Kazi ya shamba ni mazoezi pia, na mazoezi peke yake hayatoshi kwa mwenye presha. Hata hivyo tuliona tuna kitu cha kujaribu: kutembea pamoja, polepole, bila mzigo.

Tulikuwa saba. Wanne tulitoka Makambako, mji wa njia panda ambako barabara ya Songea huachana na barabara kuu iendayo Mbeya, na ambako treni ya TAZARA husimama. Upepo wa Makambako kila mtu anaujua, kwa hiyo tulijifunga vitenge juu ya masweta tukapanda gari la asubuhi. Njombe ni mwendo wa kilometa 60 hivi. Wenzetu watatu walitupokea huko.

Matembezi ya kwanza yalikuwa mafupi, kwenye maporomoko ya mto Ruhuji, karibu kabisa na mji, kando ya barabara ya kutoka Makambako. Wengi wetu tumeyapita mara nyingi tukiwa ndani ya basi, bila kushuka hata mara moja. Siku hiyo tuliketi kwenye majani tukayatazama maji. Maji hayo huteremka hadi Kilombero na kuishia Rufiji, yakiwanywesha watu ambao hatutawajua kamwe. Tulipumzika hapo, tukasali, tukaendelea.

Kutoka hapo tulikwenda Kibena, kwenye mashamba makubwa ya miwati na chai. Tulikuwa tumeomba ruhusa mapema, maana shamba ni mali ya watu na lina kazi zake. Mlinzi alipotuona wanawake saba tunakuja mikono mitupu alisimama. "Kamwene, mama zangu. Kuna msiba?" Tukamjibu kwamba hakuna msiba, tunatembea tu. Akatuuliza tena, "Mnatembea kwenda wapi?" Kwa kweli hatukuwa na jibu zuri.

Shamba hili lina historia. Kampuni ya miwati ilianzishwa mwaka 1949, wakati wa ukoloni wa Mwingereza. Mti wenyewe asili yake ni Australia. Ulipandwa hapa kwa ajili ya magome yake, ambayo hutoa dawa ya kutengenezea ngozi ya viatu na mikoba. Baadaye shamba likaongeza chai, mbao na nguzo. Ukitembea leo katika njia zake za udongo mwekundu, upande mmoja una miti iliyonyooka kama watoto kwenye mstari wa shule, na upande wa pili chai imelala kijani hadi bondeni. Njia ni pana na miinuko yake si mikali. Hata mama mwenye magoti mabovu huweza kwenda taratibu akafika.

Mwenzetu mmoja alisimama chini ya miwati akashika gome. Marehemu baba yake alikuwa kibarua wa kubandua magome. Alisema viganja vya baba yake vilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni, na yeye akiwa mtoto alikuwa akiona haya baba alipomshika mkono mbele za watu. "Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mikono ile," alisema. Hakuna aliyeongeza neno. Tulimngoja hadi alipokuwa tayari kuendelea.

Tulikuwa tukitembea wawili wawili, na katika mwendo huo tuligundua jambo ambalo miaka yetu yote ya uuguzi haikutufundisha vizuri. Watu wawili wanaotembea hawatazamani usoni. Wanatazama njia. Mambo ambayo mtu hawezi kuyasema akiwa amekaa mbele ya meza yetu yenye faili na foleni nyuma yake, njiani huyasema.

Mama yule aliyetuuliza kwa nini presha yake haishuki ameturuhusu tueleze habari zake bila jina. Baada ya mwendo wa saa moja hivi, alimwambia mwenzake kwamba ana miezi minne hajameza dawa. Hakuziacha kwa ukaidi. Vidonge vile vilimfanya aende haja ndogo mara kwa mara, naye anauza viazi sokoni, choo kiko mbali, na akiondoka hana wa kumwachia biashara. Aliona aibu kumweleza daktari kijana jambo hilo. Kila alipokuja kupimwa alituambia, "Nameza, dada." Nasi tulimwandikia "anameza" na kumkaribisha anayefuata.

Hapo tulijiona wakosaji. Tulimpima mara ngapi bila kumwuliza? Tulimweleza njiani kwamba zipo dawa za presha zinazoongeza mkojo, na zipo zisizofanya hivyo. Kwamba daktari anaweza kubadilisha dawa au saa ya kuimeza. Lakini kuacha kimyakimya ni hatari, kwa sababu presha huweza kuleta kiharusi kwa mtu ambaye haumwi hata kichwa. Juma lililofuata mmoja wetu alimsindikiza kliniki. Akabadilishiwa.

Wale wanafunzi wawili wa Emau, katika Luka sura ya 24, nao walikuwa njiani, wakisimuliana huzuni yao, Bwana alipowakaribia na kuwauliza wanazungumza nini. Yeye aliyejua yote aliuliza kwanza, akawasikiliza. Sisi huwa tunaanza kwa kufundisha.

Baada ya miezi kadhaa tulidunduliza nauli tukaenda mbali zaidi, hadi Ziwa Nyasa. Wengi husahau kwamba Mkoa wa Njombe, uliotengwa na Iringa mwaka 2012, una ufukwe wake wilayani Ludewa. Barabara ya Ludewa huachana na ile ya Songea pale Itoni, na sehemu ya kati ya Lusitu na Mawengi imejengwa kwa zege. Kutoka Ludewa mjini hadi Lupingu unashuka milima ya Livingstone kwa kona nyingi. Njombe iko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari; ziwa liko chini ya meta 500. Tulivua masweta moja baada ya jingine.

Ufukweni tulitembea asubuhi, kabla ya jua kali. Usipa walikuwa wameanikwa, na mitumbwi imevutwa mchangani. Wanawake wa Kikisi wa mwambao huu wanasifika tangu zamani kwa vyungu vyao, vinavyosafirishwa kwa mitumbwi hadi kwenye masoko. Mama mmoja mwenyeji alitusindikiza kipande cha njia. Naye alituuliza tumebeba nini. Yule mwenzetu wa viazi akamjibu upesi, "Leo hatukubeba kitu, mama. Tumekuja kusemezana." Mwenyeji akacheka, akatua ndoo yake, akatembea nasi.

Ukipenda kwenda na kikundi chako, zingatia haya:

Chukua chandarua. Watu wa Njombe tumezoea baridi, lakini mwambao una malaria. Ukipata homa baada ya kurudi, pima mara moja na umweleze mhudumu ulikotoka.

Usiingie majini ovyo. Ziwa lina kichocho, na midomo ya mito ina mamba. Waulize wenyeji.

Mwenye presha au kisukari abebe dawa zake, maji na chakula kidogo. Mwendo uwe ule unaokuwezesha kuongea. Mkishindwa kuongea, punguzeni.

Kama hamna nauli, barabara ya kijijini kwenu inatosha.

Mama yetu yule sasa anameza dawa, na jirani yake sokoni humwangalizia viazi anapotoka. Presha yake imeshuka, ingawa haijafika tunapotaka. Kila Jumamosi jioni tunatembea naye nusu saa, mikono mitupu. Mtaani wameacha kutuuliza nani amefariki.

Mungu awape nafasi, wapendwa, na mwenzi wa kutembea naye. Amina.