Msimu wa Mechi Sitini

Tarehe 12 Machi 2020 timu za besiboli ya kulipwa ya Marekani zilikuwa Florida na Arizona, zikijinoa kwa msimu ambao ungefunguliwa wiki mbili baadaye. Mchana wa siku hiyo zikaambiwa ziache. Ugonjwa wa korona ulikuwa umeingia nchini, na kuwakusanya maelfu ya watu uwanjani lilikuwa jambo lisilowezekana tena.

Kwa msomaji wa pwani asiyeujua mchezo huo, inatosha kusema kwamba mmoja hurusha kijipira kigumu, mwingine hujaribu kukipiga kwa gongo, na wengine wote husubiri. Zama hizo haukuwa na saa ya kuuharakisha; kipima muda cha mrushaji kililetwa 2023 tu. Kilichoutawala ni kalenda: mechi 162 kwa kila timu, karibu kila siku, tokea baridi inapoondoka hadi majani yanapopukutika. Wapenzi wake huungojea mwanzo wake kama wanajahazi walivyokuwa wakiingojea kusi.

Maradhi ndiyo yaliyofunga milango mwezi wa Machi. Lakini kuchelewa kwa Mei na Juni kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo ilikuwa mkononi mwa wanadamu.

Tarehe 26 Machi, siku ile ile iliyokuwa ya ufunguzi, wamiliki wa timu na chama cha wachezaji walitia saini makubaliano. Wachezaji wangepewa dola milioni 170 za kuanzia, kisha kila mmoja angelipwa kwa uwiano wa mechi zitakazochezwa. Humo mlikuwa na kifungu kilichosema kwamba pande mbili zitazungumza kwa nia njema kama inawezekana kiuchumi kucheza pasipo watazamaji. Wapenzi wa ushairi wanaujua msiba wa namna hii: mstari mmoja, wasomaji wawili, na kila mmoja ana hakika. Wamiliki walisoma kwamba, viti vikiwa vitupu, mishahara itajadiliwa upya. Wachezaji walisoma kwamba ujira umeshakatwa mara moja, na hakuna mtu anayeuza kitu kile kile mara mbili kwa bei ya kushuka.

Basi yakaanza ya mnadani. Wachezaji walitaka mechi 114. Wamiliki wakaleta 76 kwa malipo yaliyopunguzwa. Wachezaji wakashuka hadi 89. Wamiliki wakaja na 72. Tofauti na mnada wa samaki ni kwamba pale mnadani bidhaa ikianza kunuka wote wawili hutahadhari. Hapa kila siku iliyopita ilipunguza idadi ya mechi, na pamoja nayo jumla ya mishahara, na wachezaji hawakuficha shaka yao kuhusu nani alikuwa akinufaika na ukimya. Tarehe 13 Juni chama chao kikasema mazungumzo yamekwisha, watajiwe siku na mahali. Tarehe 22 wajumbe wake wakalikataa pendekezo la mwisho kwa kura 33 dhidi ya 5, na kamishna Rob Manfred akaamuru mechi 60.

Mitaani watu walicheka kwa uchungu: mamilionea wanagombana na mabilionea ilhali wananchi kwa mamilioni wamepoteza kazi. Maneno hayo yana ukweli, lakini ni nusu yake. Chini ya mamilionea hao kulikuwa na vijana wa ligi ndogo, waliokuwa wakipewa dola 400 kwa wiki ili waendelee kungoja. Tarehe 30 Juni wakaambiwa msimu wao haupo kabisa. David Price, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, aliahidi kutoa dola 1,000 kwa kila kijana wa ligi ndogo wa klabu yake kwa mwezi ule wa Juni, na yeye mwenyewe hakuwa bado ameirushia klabu hiyo hata mechi moja ya ligi.

Na kulikuwa na swali ambalo meza ya mazungumzo haikuwa na tarakimu ya kulipimia. Ryan Zimmerman alikuwa na umri wa miaka 35. Washington Nationals walimchagua 2005, akakaa nao katika miaka ya kushindwa mfululizo, hata Oktoba 2019 wakatwaa ubingwa. Msimu wa 2020 ulikuwa wa kuvaa taji hilo uwanjani. Nyumbani alikuwa na watoto watatu, mmoja kichanga. Na mama yake alikuwa akiishi na maradhi ya neva ambayo kwa mtu kama yeye yaliifanya korona kuwa hatari maradufu. Kanuni za afya zilijaa kurasa zaidi ya 100: marufuku kutema mate, marufuku kugonganisha viganja, mrushaji awe na kitambaa kibichi mfukoni badala ya kulamba vidole. Hakuna ukurasa uliomwahidi kwamba atamkumbatia mama yake bila ya khofu. Tarehe 29 Juni akatangaza kwamba hatocheza, akaacha mshahara wa karibu dola 740,000.

Msimu ulifunguliwa 23 Julai, Washington, mbele ya viti vitupu. Asubuhi yake Juan Soto, nyota wa Nationals, alikutwa na virusi kwenye vipimo. Usiku mvua ikaukatiza mchezo. Katika siku chache wachezaji 18 wa Miami Marlins waliambukizwa. St. Louis Cardinals walikaa zaidi ya wiki mbili bila ya kucheza, kisha wakaenda Chicago kwa magari 41 ya kukodi, kila mtu peke yake nyuma ya usukani. Usiku wa 27 Oktoba, Dodgers wakiwa mabingwa, Justin Turner, aliyetolewa mchezoni kwa majibu ya kipimo, alirudi uwanjani kupiga picha na wenzake.

Zimmerman alirejea 2021 akacheza msimu mmoja. Alitangaza kustaafu 15 Februari 2022, na siku hiyo malango ya viwanja yalikuwa yamefungwa tena, safari hii na wamiliki wenyewe, kwa sababu mkataba wa kazi ulikuwa umekwisha na mpya haujapatikana.