Pasipoti ya Kanada, duka la Kariakoo na ndoto ya udaktari Marekani

SAA mbili asubuhi Mtaa wa Kongo bado haujafurika. Vijana wanatandaza maturubai, mkokoteni uliosheheni marobota ya vitenge unakata kona kwa kelele, na muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake akiwinda mteja wa kwanza. Ikifika saa nne hapa hapapitiki. Kwa hiyo mwenye duka aliyewahi kufungua ana muda kidogo wa kukaa na simu yake, na kwa wazazi wengi wa Kariakoo huo ndio muda wa mambo ya watoto: ada, matokeo, vyuo.

Wapo wazazi wachache hapa ambao swali lao haliko kwenye vipeperushi vya mawakala wa vyuo vya nje. Mtoto wao alizaliwa Kanada, ana pasipoti ya huko, na sasa anataka kusomea udaktari Marekani. Kanada na Marekani ni majirani, pasipoti ipo, si ataingia tu?

Chukua mfano wa binti aliyezaliwa Toronto wakati baba yake akisoma shahada ya pili. Aliletwa Dar es Salaam akiwa na miaka mitatu, akakulia Ilala na kumaliza kidato cha sita akichukua Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani PCB. Nyumbani, ndani ya bahasha ya kaki chini ya vitenge vya mama, kuna cheti chake cha kuzaliwa cha jimbo la Ontario. Familia nzima inaamini bahasha ile ndiyo utajiri wake.

Ni utajiri kweli, ila haununui kile wengi wanachodhani.

Kutoka Kongo si mbali kufika Mtaa wa Aggrey, ambako leo watu huenda kutafuta simu, chaji na vioo vya kubadilisha. Wanaokumbuka jina hilo limetoka wapi ni wachache. James Aggrey alikuwa mwalimu kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, aliyekwenda Marekani mwaka 1898 na kusoma Livingstone College, North Carolina. Mwaka 1924 alipita Afrika Mashariki na tume iliyochunguza elimu ya Waafrika. Kwa hiyo safari ya kuvuka bahari kutafuta elimu Marekani ina jina lake katikati ya Kariakoo, juu ya vibanda vya kubadilisha vioo vya simu.

Lakini Marekani anayoitaka binti wa mfano wetu ina utaratibu wake, na hapo wazazi wengi hushtuka. Kule udaktari si shahada ya kwanza. Mwanafunzi husoma kwanza shahada ya miaka minne, akihakikisha amepita baiolojia, kemia na fizikia, ndipo aombe chuo cha udaktari kwa miaka mingine minne. Baada ya hapo kuna mafunzo ya hospitalini ya miaka mitatu hadi saba, kutegemea ubingwa. Hapa kwetu mhitimu wa PCB aliyefaulu vizuri huingia moja kwa moja kwenye udaktari wa miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Mtoto wa jirani aliyebaki Dar anaweza kuwa anatibu wagonjwa wakati wa kwetu bado yuko chuoni.

Na maombi yenyewe hayatumwi chuo kimoja kimoja kama barua. Vyuo vingi hupokea maombi kupitia mfumo mmoja uitwao AMCAS, na msimu huanza zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuingia darasani. Kuna mtihani wa MCAT, unaokula karibu siku nzima, ambao alama zake huanzia 472 hadi 528. Kuna ada ya maombi, ambayo msimu wa 2024 ilikuwa dola 175 kwa chuo cha kwanza na zaidi ya dola 40 kwa kila chuo kinachoongezwa. Mwombaji wa kawaida huomba vyuo vingi, kwa hiyo ada hiyo peke yake ni mzigo wa duka.

Kipo kipengele kingine ambacho mzazi wa Dar anapaswa kukisoma mara mbili. AMCAS huhakiki matokeo ya vyuo vya Marekani na Kanada tu. Ya nchi nyingine haiyahakiki. Vyuo vingi vya udaktari navyo hutaka sehemu kubwa ya masomo ya shahada ya kwanza, au yote, yawe yamesomwa Marekani au Kanada. Binti akimaliza shahada yake ya kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hata kwa daraja la juu kabisa, kisha akatoa pasipoti ya Kanada, pasipoti hiyo haitafunika pengo hilo. Kinachoangaliwa pale ni mahali aliposomea. Alikozaliwa hakumsaidii.

Kuielewa Kanada ya watu wa Dar, ni vizuri kushuka na Mtaa wa Uhuru hadi Mnazi Mmoja. Wazee bado wanaukumbuka kwa jina la zamani, Kichwele. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na familia nyingi za Kitanzania zenye asili ya Kihindi ziliondoka miaka hiyo, wengi wao wakienda Toronto, Vancouver na Calgary. Mwandishi M. G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam na kuhamia Kanada mwaka 1978, aliuita mkusanyiko wake mmoja wa hadithi Uhuru Street. Baadaye wakaenda wanafunzi, wauguzi na wahandisi wa kila kabila, na baadhi yao wakarudi na watoto waliozaliwa kule. Ndiyo maana bahasha za kaki zipo, Upanga na hata Buguruni.

Wakanada wenyewe huomba Marekani kwa sababu kwao nafasi ni finyu. Kwa miaka mingi nchi ile kubwa ilikuwa na vitivo 17 tu vya udaktari, na vyuo vingi hutenga sehemu kubwa ya nafasi kwa wakazi wa jimbo lao. Neno la kushika hapo ni mkazi. Binti aliyezaliwa Toronto na kukulia Ilala ni raia wa Kanada, lakini si mkazi wa jimbo lolote la Kanada. Mbele ya kamati ya udahili anaweza kukosa kabisa sifa ile ambayo mtoto wa mhamiaji aliyefika juzi na kuishi pale anayo.

Akigeukia Marekani anakutana na jambo lilelile kwa sura nyingine. Vyuo vya serikali za majimbo huwapa kipaumbele watu wao. Texas, kwa mfano, sheria inataka angalau asilimia 90 ya nafasi katika vyuo vya udaktari vya jimbo ziende kwa wakazi. Vipo vyuo, hasa vya binafsi, vinavyowapokea Wakanada kwa urahisi kuliko wageni wengine, na vingine huwapokea Wakanada peke yao kati ya wageni wote. Hiyo ni faida halisi ya pasipoti. Faida nyingine ni kwamba Mkanada hahitaji kupanga foleni ubalozini kugongewa viza ya mwanafunzi. Huingia na fomu ya chuo iitwayo I-20 na ada yake akiwa ameilipa.

Ila mlangoni kwa mhasibu, Mkanada ni mgeni kama Mtanzania. Mikopo ya serikali kuu ya Marekani haimhusu. Ada peke yake katika vyuo vingi vya binafsi hupita dola 60,000 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 140, bado chumba, chakula na bima. Baadhi ya vyuo humtaka mwanafunzi asiye raia aonyeshe, au hata aweke kwenye akaunti maalumu, fedha za miaka yote minne kabla hajaanza. Benki za Kanada hukopesha wanafunzi wa udaktari, lakini mara nyingi hutaka mdhamini anayeishi hukohuko. Mama wa vitenge, hata kama mzigo wake unatoka Guangzhou kila mwezi, si mdhamini wanayemtafuta.

Basi bahasha ile ina kazi gani? Kazi yake kubwa iko mapema kuliko wazazi wengi wanavyofikiri: kwenye shahada ya kwanza. Raia wa Kanada akisoma chuo kikuu cha Kanada hulipa ada ya wenyeji, iliyo chini sana kuliko ya mwanafunzi wa kigeni. Matokeo yake yatahakikiwa na AMCAS bila shida. Na akiishi jimboni kwa miaka, kulingana na kanuni za jimbo hilo, anaweza kuja kuhesabiwa mkazi na kuomba vyuo vya kwao pia, asiitegemee Marekani pekee. Anayengoja mpaka mtoto amalize shahada hapa nyumbani ameshaitumia nusu ya thamani ya pasipoti bila kujua.

Katikati ya jiji, kwenye makutano ya Mtaa wa Mirambo na Garden Avenue, kuna Ubalozi wa Kanada. Wazazi hufika hapo kwa mambo ya pasipoti. Lakini swali zito zaidi la familia hii halijibiwi hapo, bali Uhamiaji. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtoto mwenye uraia wa kuzaliwa wa nchi mbili anapofikisha miaka 18 anatakiwa achague: aukane uraia wa nje abaki Mtanzania, au aupoteze wa Tanzania. Hadhi maalumu kwa diaspora, ambayo imezungumzwa sana miaka ya karibuni, si uraia wa pili.

Angalia umri huo. Miaka 18 ni kidato cha tano au cha sita, yaani kabla ya matokeo na kabla ya kujua kama mtoto anaipenda kweli kazi ya kushika damu. Akichagua Kanada, hawezi tena kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, na siku atakayotaka kurudi kutibu watu wa Ilala huenda akahitaji vibali kama mgeni. Akichagua Tanzania, ada ya wenyeji kule Kanada imekwenda. Familia zinazokaa kimya zikidhani jambo litajimaliza lenyewe huwa zimeshachagua bila kujua, na mtoto hakuulizwa.

Kutoka Mirambo, ukipita Upanga unatokea Muhimbili. Wodi za Kibasila, Sewahaji na Mwaisela zimejaa ndugu wenye hotipoti na chupa za uji. Shule ya udaktari ilianza hapa mwaka 1963. Kabla yake kijana wa Tanganyika aliyetaka kuwa daktari alikwenda Makerere. Tangu 2007 ni chuo kikuu kamili, MUHAS, na wanafunzi wake wa makoti meupe wanapita getini wakinunua mihogo kama watu wengine. Ada ya mwaka mzima katika chuo cha umma kama hiki haifiki hata sehemu ndogo ya zile milioni 140. Ushindani ni mkali, na mwenye alama za PCB zinazotosha hapa si mtu aliyeshindwa kwenda nje.

Njia ya kurudi ni fupi: Barabara ya United Nations, kituo cha Fire, kisha Msimbazi. Saa tisa alasiri Kariakoo inachemka. Kwenye stesheneri za vichochoroni foleni ni ya watu wanaotoa kopi za vyeti: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA. Kijana wa mashine hasomi kilichoandikwa. Anauliza ngapi, anafunika kioo, mwanga unapita. Mwenye bahasha ya Ontario naye akifika zamu yake ataulizwa hivyohivyo, ngapi, na binti yake aliyesimama pembeni na begi la shule atakuwa amebakiza miezi minane kutimiza 18.