Nyumba ya Fahari Kando ya Ziwa: Mafunzo ya Pwani ya Rumonge

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda kusini kwa Barabara ya Taifa Namba 3 huwa na Ziwa Tanganyika mkono wake wa kulia na milima mkono wake wa kushoto. Hapo Mugere, mbali kidogo tu na mji, huliona jiwe linalokumbusha kwamba Livingstone na Stanley walipita mahali hapo mwezi wa Novemba 1871. Kisha milima husogea karibu mno na maji, hata barabara ikabaki kama ukanda mwembamba. Baada ya kilomita zipatazo 70 bonde hupanuka, michikichi huanza kuonekana safu kwa safu, na msafiri amekwisha ingia Rumonge.

Huu ni mji wa mawese, wa ndagala na mukeke, na Kiswahili husikika sokoni na bandarini kama kisikikavyo Kigoma. Jioni jua huzama nyuma ya milima ya Kongo, na usiku taa za wavuvi huenea juu ya maji. Si ajabu basi kwamba kila mwenye akiba hutamani kujenga nyumba ya fahari katika pwani hii. Lakini je, ataijengaje nyumba hiyo bila ya kuuharibu uzuri ule ule uliomvuta?

ZIWA LINA MIPAKA YAKE

Jambo la kwanza ni kuchagua mahali. Watu wengi hutaka ngazi ya nyumba iguse maji. Huko ni kulisahau ziwa lenyewe. Tanganyika hupokea mito mingi, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, nao ni mto Lukuga, karibu na Kalemie nchini Kongo. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo, maji huingia kwa wingi kuliko yatokavyo, nalo ziwa hupanda. Mnamo mwaka 1878 lilisimama karibu mita 10 juu ya kiwango kilichozoeleka baadaye. Lilipanda tena mwaka 1964. Mwaka 2021 na mwaka 2024 maji yaliingia tena katika nyumba na bandari, Rumonge ikiwamo, na jamaa nyingi zikahama na watoto wao.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 iliweka eneo la hifadhi la mita 150 kutoka ufukweni. Wako waliodhani kwamba sheria hiyo inawanyima raha. Mafuriko yaliwaonyesha maana yake. Eneo hilo likiachwa na matete yake na miti yake, mawimbi huvunjika humo, samaki huzalia humo, na tope la milimani hukwama humo kabla halijafika majini. Mwenye nyumba aliye juu kidogo hapotezi mandhari. Ziwa huonekana vizuri zaidi mtu akisimama mahali palipoinuka.

Lakini mlima nao una hatari yake. Mwezi wa Machi 2015 ardhi iliporomoka huko Gitaza, kaskazini ya Rumonge, watu wakafa na barabara ikafungwa. Achimbaye mteremko ili apate uwanja mpana hukata mguu wa mlima. Ni heri nyumba ifuate ngazi za ardhi, sebule chini na vyumba vya kulala juu, au isimame juu ya nguzo, na maji ya mvua yachimbiwe mifereji ya mawe.

MITI KWANZA, RAMANI BAADAYE

Katika njia ya kwenda Nyanza-Lac uko msitu wa Kigwena, mabaki ya mwitu mzito wa bonde la Imbo. Mashamba na michikichi vimeuzunguka, lakini ndani yake mna miti mirefu, nyani na kivuli cha kweli. Aingiaye humo adhuhuri huona mara moja tofauti ya joto. Msitu huo ni hifadhi na si mahali pa kujengwa, ila ni shule kwa mjenzi.

Fundi mwema huipima miti ya kiwanja kabla hajachora ukuta hata mmoja. Msanifu Geoffrey Bawa wa Sri Lanka alifanya hivyo. Hoteli yake ya Kandalama, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kando ya ziwa, ilifuata umbo la jabali, na mimea imeachwa itambae juu yake hata jengo zima limefichika. Wageni huisifu nyumba ambayo kwa mbali haionekani!

JUA LA JIONI

Pwani ya Rumonge huelekea magharibi. Hapo ndipo penye mtego. Dirisha kubwa la vioo linalotazama ziwa hupokea jua kali kuanzia saa tisa mpaka magharibi, na chumba hugeuka tanuri. Dawa yake ni baraza pana upande wa ziwa, paa litokeze mita mbili au zaidi, na mti wa kivuli uachwe mbele yake. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hushuka kutoka milimani. Kwa hiyo kila chumba kiwe na madirisha ya pande mbili yanayokabiliana, nayo yatiwe wavu, maana Imbo ni nchi ya malaria.

Vifaa navyo vitoke karibu, lakini kwa hesabu. Vigae hupoza nyumba kuliko mabati, na havipigi kelele za mvua. Matofali ya kuchoma ni mazuri, ila tanuri lake hula kuni nyingi. Mawe ya milimani, au matofali ya udongo ulioshindiliwa pamoja na saruji kidogo, huiokoa miti. Shimo la choo liwe mbali na ufuko, kwa kuwa wako wanaochota maji ya kunywa katika ziwa hilo hilo, na kipindupindu kimekwisha zuka Rumonge zaidi ya mara moja.

Haya yote hayamhusu tajiri peke yake. Askari anayejiwekea akiba ya nyumba ya vyumba vitatu, aijengee jamaa yake atakapostaafu, anaweza kuyafuata kwa gharama ndogo: kurudi nyuma ya mita 150, kuuacha mti uliopo, kuongeza baraza, kufungua madirisha pande mbili. Mti mkubwa hauuzwi dukani. Aukataye leo atawaachia wajukuu zake kazi ya kungojea kivuli.