Nafasi Kati ya Maneno

Mwalimu mmoja wa Nyacheki, huko Bobasi katika Kaunti ya Kisii, alianza kukusanya ngano za ajuza ambaye kijiji kizima kilimwita Magokoro. Ajuza alisimulia kwa Ekegusii. Mwalimu alinasa sauti yake, kisha usiku akafasiri kwa Kiswahili, umeme ulipokuwapo. Ngano zilipofika 19, Magokoro akaaga dunia.

Kisa cha kwanza kilikuwa cha kuchekesha. Katika kipakatalishi chake chenye Windows, ngano 11 za mwanzo zilikaa katika C:\nyacheki\tungo. Akaandika skripti fupi ya Python ya kuzinakili kwenye flashi. Tarakilishi ikakataa, ikidai kuwa njia hiyo haifai, na huku ikiitaja herufi kwa herufi kama alivyoiandika! Ndipo alipoiamuru iichapishe njia hiyo kwenye skrini. Mstari wa kwanza ulikuwa na C: pekee, wa pili ulikuwa na yacheki, kisha pengo, kisha ungo. Kumbe mkwaju unaolalia nyuma, ukifuatwa na n, huiambia Python ianze mstari mpya. Ukifuatwa na t, iache pengo. Nyacheki ilikuwa imekatwa kichwa, nazo tungo zimegeuka chombo cha kupepetea wimbi. Mkwaju huo uliingia katika njia za faili mwaka 1983, MS-DOS 2.0 ilipoleta folda, kwa kuwa mkwaju wa kawaida ulikwisha kupewa kazi nyingine katika amri. Mwalimu akatanguliza herufi r mbele ya alama za mtajo, na ngano zikanakiliwa.

Kisa cha pili hakikuwa na kicheko. Kipakatalishi kilipoharibika, kazi yote, sauti na maandishi, ilikuwa imekwisha kuhamishiwa tarakilishi ya maabara ya shule, iliyotumia Linux. Humo mlikuwa na folda mbili: hadithi, makao ya Magokoro, na hadithi za mitihani, iliyojaa karatasi za zamani zisizohitajika. Mwalimu akaandika skripti ya kuifuta hii ya pili. Jina lake akalihifadhi kama $folda, kisha akaamuru: rm -r $folda. Tarakilishi ikalalamika mara mbili: hakuna kitu kiitwacho za, hakuna kitu kiitwacho mitihani. Akadhani amri imeshindwa. Kuhusu hadithi haikusema neno, kwa sababu iliiona, ikaifuta.

Wanaisimu wamebishana sana kuhusu neno ni nini. Programu ile haibishani: nafasi ikitokea, neno limekwisha. Atakapowasimulia, pamoja na viambishi vyake vyote, lingepita salama. Lakini za ya a-unganifu, ambayo othografia yetu huitenga, ilitosha kulivunja jina vipande vitatu. Alama za mtajo zingalivifunga pamoja. Mwalimu alizitumia alipolitaja jina mara ya kwanza, akazisahau mara ya pili, yeye ambaye huwakata wanafunzi alama kwa kosa lilo hilo.

Flashi ilikuwa na zile ngano 11. Nane zilizosalia aliziandika upya daftarini, kwa kumbukumbu. Sauti ya Magokoro haimo.