Kasha la Sauti ya Nyanya

Raspberry Pi 5 ni saizi ya kadi ya benki tu, lakini yangu imebeba saa 41 za sauti ya nyanya: hadithi, matusi, bei za ng'ombe enzi zake. Mwenyewe hayupo tena. Kwa hivyo nilipotafuta kasha, urembo haukuwa hoja.

Naishi orofa ya mwisho, chini ya mabati. Februari, saa nane mchana, hata simu huku hulalamika. Pi 5 ikifika nyuzi 80 huanza kujipunguzia kasi, so plastiki isiyo na feni niliiondoa mapema. Nilichukua la alumini, lenye feni inayozunguka joto likipanda tu. Mimi husikiliza usiku, na nyanya aliongea chini chini.

Iliyoninyima usingizi hasa ni kadi ya microSD. Stima ya hapa hukatika bila hodi, na ikikatika kadi ikiandikwa, faili zinaweza kuharibika. Kasha hili lina nafasi ya SSD ya NVMe, tena ile ndefu ya 2280. Mengine hubeba fupi pekee, soma vizuri kabla ya kulipa. Husoma zaidi ya megabaiti 400 kwa sekunde. Kadi haizidi 100 hivi. Lakini SSD nayo si malaika. Nakala nyingine iko kwa binamu, Nakuru.

Kuhamisha zote, chai haikuwa imechemka. Nilifungua ya kwanza. Anauliza kama hicho kisimu kimeanza kunasa.